Makutupora: Barabara Kuu Mlangoni pa Watu

Kila inapotokea ajali katika nchi yetu, taarifa ya kwanza humtaja dereva. Alikuwa katika mwendokasi, alilipita gari jingine bila tahadhari, alikuwa amelewa, ametoroka baada ya tukio. Taarifa ya pili humtaja marehemu: alikatiza barabara ghafla. Baada ya hapo shauri hufungwa. Ni nadra sana kuandikwa taarifa ya tatu, ile inayouliza barabara hiyo ilifikaje mahali pale, nani aliwaweka watu kandokando yake, na nani aliamua kwamba gari lenye tani 50 lipite mbele ya milango yao.

Katika makala hii nataka kuiandika taarifa hiyo ya tatu, na nimechagua Makutupora. Sisemi ile Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, ambayo jina lake limevuma kutokana na kipande cha reli ya kisasa cha Morogoro hadi Makutupora. Nasema Makutupora ya Dodoma, kata iliyo kaskazini mwa Jiji, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Kondoa, Babati na Arusha. Wengi wetu tunaifahamu kwa mambo matatu: kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kituo cha utafiti wa zabibu, na visima vya Mzakwe vinavyoinywesha Dodoma. Kwa wakazi wake lipo jambo la nne, nalo ni malori.

Hoja yangu ni moja. Hatari inayowakabili watu wa Makutupora na vitongoji vingi vinavyofanana nayo haikuletwa na tabia mbaya za madereva peke yake. Imejengwa hatua kwa hatua, kwa maamuzi ya serikali za vipindi mbalimbali, na katika kila hatua mwenyeji amekuwa wa mwisho kufikiriwa. Kilichojengwa kwa maamuzi hurekebishwa kwa maamuzi.

Msafiri alipokuwa mgeni

Ugogo ni nchi ya njia tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya pwani na Tabora, Ujiji na maziwa makuu haikuwa na namna nyepesi ya kuikwepa. Burton na Speke walipita Ugogo katika safari yao ya 1857 hadi 1858. Stanley akapita 1871. Wasafiri hao, kila mmoja kwa namna yake, walilalamikia jambo moja: hongo. Watemi wa Kigogo walidai nguo, shanga na waya kabla ya msafara kuruhusiwa kuteka maji na kuendelea na safari.

Katika Kiswahili cha leo neno hongo limebakia na maana ya rushwa, na hivyo ni rahisi kumwona mtemi wa Kigogo kama mla rushwa wa kale. Hilo ni kosa la kusoma historia kwa macho ya msafiri. Tazama jambo hili kwa macho ya mwenyeji. Nchi ni kame, mvua ni ya msimu mmoja, na kisima ni uhai. Unakuja msafara wa mamia ya watu, wenye kiu na njaa, wanaotaka maji yaleyale yanayotegemewa na watoto na mifugo ya kijiji. Anayepita hupata faida yake Zanzibar. Anayebaki hubaki na kisima kilichokauka. Hongo ilikuwa njia ya kumfanya mpitaji agharimie madhara ya kupita kwake. Ilikuwa na dhuluma zake, na watemi wengine walizidisha. Hata hivyo msingi wake ulieleweka na pande zote mbili: njia ilipita katika nchi ya watu, na watu hao walikuwa na kauli.

Utawala wa Wajerumani uliikomesha hongo kwa bunduki katika miaka ya 1890. Tangu hapo njia ikawa mali ya serikali, na kauli ya mwenyeji juu ya nani apite, lini na kwa namna gani, ikakoma.

Njia ya vita, kisha njia ya dola

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam 1905, ilifika Dodoma 1910. Mji ukazaliwa penye stesheni. Miaka sita baadaye vita vya wakoloni vilishuka kutoka kaskazini. Jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer liliitwaa Kondoa Aprili 1916, likakwama huko kwa mvua, maradhi na mapigano, kisha likateremka na kuiteka Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Huo ndio mwelekeo wa barabara tunayoizungumza leo. Farasi, maksai, magari ya injini na maelfu ya wapagazi walipita katika ukanda huo, wakila walichokikuta.

Vita vilipokwisha kusogea kusini, Ugogo ulibaki na Mtunya, njaa kuu ya 1918 hadi 1920. Nafaka na ng'ombe vilikuwa vimechukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, vijana walikuwa wamepelekwa upagazi, kisha mvua ikakosekana. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni watu wapatao 30,000 waliokufa kati ya Wagogo wapatao 150,000. Siutaji msiba huu kwa kuulinganisha na ajali za barabarani. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi gharama ya mapito ya wengine inavyoweza kuangukia juu ya wasiokuwa na safari.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuwa na ndoto ya barabara moja kutoka Cape Town hadi Cairo. Kipande chake katika nchi yetu kilipewa jina la Barabara Kuu ya Kaskazini: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha hadi mpaka wa Kenya. Ilikuwa barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, lakini tayari ilikuwa barabara kuu kwa hadhi. Sheria ya Barabara ya 1932 ikaweka misingi ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pande mbili ambayo mtu hapaswi kujenga. Kwa mara ya kwanza upana wa njia uliamuliwa kwa futi kutoka katikati, na mpimaji hakulazimika kumuuliza mtu aliyeishi hapo.

Miaka ya utulivu

Jambo moja liliiepusha Makutupora na malori kwa kizazi kizima, nalo lilitokea mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia yake ya kusini. Mafuta ya Zambia yakalazimika kupitia Dar es Salaam, na shaba yake kurudi kwa njia hiyohiyo. Malori yakajaa katika barabara ya Morogoro, Iringa na Mbeya, ambayo wakati huo sehemu kubwa haikuwa na lami. Ajali zilikuwa nyingi mno hata barabara ikapachikwa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970, na barabara yenyewe ikawekwa lami.

Kwa hiyo uzito wa uchukuzi wa nchi ukahamia upande wa mashariki na kusini. Safari ya Arusha ikapitia Chalinze na Segera. Kipande cha Iringa, Dodoma na Babati kikabaki changarawe kwa miongo kadhaa, kana kwamba kimesahauliwa. Wachumi walikiita kikwazo cha maendeleo, na kwa hakika mkulima wa Kondoa aliumia sana kwa kukosa lami. Lakini barabara mbovu ina adabu yake: makorongo hupunguza mwendo kuliko kibao chochote. Lori lililopita Makutupora kwa kilomita 30 kwa saa halikufanya hivyo kwa kuheshimu sheria. Lilizuiwa na ardhi.

Watu waliopelekwa barabarani

Ni katika miaka hiyohiyo ya utulivu ndipo uliofanyika uamuzi ambao matokeo yake tunayaona leo. Kwa desturi Wagogo waliishi katika tembe zilizotawanyika, kila kaya karibu na mashamba na malisho yake. Operesheni Dodoma ya 1970 hadi 1971, iliyofuata ukame na njaa, ilianza kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kukawa amri ya nchi nzima, na Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni.

Vijiji hivyo viliwekwa wapi? Vingi viliwekwa kandokando ya barabara. Sababu zilikuwa za kueleweka kabisa: shule, zahanati, bomba la maji, lori la kuleta mbegu na kubeba mazao, na kiongozi wa kuja kukagua, vyote vilihitaji njia. Barabara ilikuwa ya vumbi, magari machache, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mstari huo wa nyumba ungepakana na mkondo wa semi-trela.

Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, ambayo iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kotekote nchini alama ya X ikaonekana ukutani, nyekundu kwa nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya zamani, kijani kwa zile zilizomezwa na nyongeza. Aliyehamishiwa barabarani kwa amri ya serikali, au mtoto wake aliyerithi kiwanja, akasomewa sheria na kuelezwa kwamba barabara imemfikia. Katika lugha ya mkutano wa hadhara jina lake likawa mvamizi. Mwanahistoria hana budi kuuliza katika hali kama hiyo nani alimvamia nani.

Mji uliokusudiwa kwa miguu

Katika mwaka huohuo wa 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mpango mkuu wa kwanza, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Kanada na kutolewa 1976, ni waraka ambao kila mtumishi wa mipango miji angepaswa kuusoma upya. Uliifikiria Dodoma kama mji wa jumuiya ndogondogo, ambamo shule, soko na huduma za kila siku zinafikika kwa miguu au kwa baiskeli, na ambamo basi ndilo usafiri mkuu wa kuunganisha jumuiya moja na nyingine. Magari ya safari ndefu yalitakiwa yazunguke jumuiya hizo. Gari binafsi halikuwekwa kuwa kipimo cha mji.

Fikra hiyo haikutokana na umaskini peke yake. Ilikuwa fikra ya kisiasa: kwamba makao makuu ya taifa la wakulima yajengwe kwa kipimo cha mtu anayetembea. Fedha hazikutosha, serikali haikuhama kwa miaka 40, na mpango ukatekelezwa nusunusu. Serikali ilipohama kweli, baada ya tangazo la Rais Magufuli la Julai 2016, ilihama kwa kasi kubwa na kipimo kilikuwa kimebadilika. Mamlaka ilivunjwa Mei 2017. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la manispaa. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji.

Mji unaokaribia kujiongeza mara mbili katika miaka kumi hujengwa kwa mchanga, kokoto, mawe, saruji na nondo, na vyote hivyo hubebwa na malori. Tipa linalopeleka kokoto kwenye eneo la ujenzi haliendi mpakani. Linakwenda na kurudi siku nzima katika barabara ileile wanayoitumia wanafunzi. Pale ambapo dereva analipwa kwa tripu, saa ya kupumzika na mwendo wa adabu ni pesa inayotoka mfukoni mwake mwenyewe. Tunapomlaumu bila kuuliza analipwaje, tumeusoma ukurasa wa mwisho wa kitabu tu.

Lami

Mwezi huohuo wa Aprili 2018 Rais Magufuli alifungua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251. Kipande cha Iringa hadi Dodoma kilikuwa kimekwisha kuwekwa lami. Barabara Kuu ya Kaskazini, ndoto ya mkoloni, ikakamilishwa na taifa huru. Lilikuwa jambo jema, na nisieleweke vibaya. Zao linafika sokoni, mjamzito anafika hospitali, na safari ya Arusha haizungukii tena Chalinze. Anayebeza lami hajawahi kulala njiani kwa sababu ya tope.

Lakini lami iliondoa kizuizi pekee kilichokuwa kikiulinda mstari wa nyumba za Makutupora, na kilichowekwa badala yake ni kibao cha 50. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya makorongo na kibao. Korongo hufanya kazi mchana na usiku. Kibao hufanya kazi pale askari wa usalama barabarani aliposimama na tochi, na madereva wanajulishana kwa kupigiana taa kilomita mbili kabla.

Na barabara hii inaendelea kuongezewa mzigo. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Oktoba 2022, uko kwenye barabara hiyohiyo kati ya mji na Makutupora. Wakati huohuo inajengwa barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji, yenye urefu wa kilomita 112.3 na njia nne, iliyowekewa jiwe la msingi Februari 2022. Lengo lake lililotangazwa ni kupunguza msongamano katikati ya mji, na ni lengo zuri. Lori la Rwanda, Burundi au Kongo halina sababu ya kupita katikati ya Dodoma.

Swali ni hili: likiondolewa mjini, linapelekwa wapi? Kipande cha kaskazini cha barabara hiyo kinatoka Nala, kinapita Veyula, kinakwenda Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa. Veyula iko katika kata ya Makutupora. Hapo barabara ya mzunguko inakutana na barabara ya Arusha. Kwa hiyo kata iliyokuwa na mkondo mmoja wa magari mazito sasa inakuwa njia panda ya mikondo miwili. Penye njia panda hufuata kituo cha mafuta, maegesho, gereji, mama lishe, bodaboda, nyumba za kulala wageni na soko la jioni. Hiyo ni riziki, na watu wataikimbilia, kama ambavyo watu wamekimbilia njia panda tangu enzi za misafara. Hakuna amri itakayowazuia. Kilichobaki ni kuchagua kama tutawapokea kwa mpango au kwa jeneza.

Njia panda zilizotufundisha

Afrika Mashariki haikosi mafunzo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na moto uliofuata uliua watu zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililotokea Tanzania lilipinduka na kulipuka katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini, likaua zaidi ya 230, wengine wakiwa majumbani. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwavamia wafanyabiashara wa kando ya barabara na abiria waliokuwa wakisubiri magari katika njia panda ya Londiani, Kericho, nchini Kenya, na zaidi ya watu 50 walifariki.

Baada ya kila msiba yalisikika maneno yaleyale: wananchi wamekuwa wakichota mafuta, wananchi wamekuwa wakifanya biashara barabarani. Ni kweli walikuwapo. Lakini njia panda za Londiani na Msamvu hazikugeuka soko usiku mmoja. Halmashauri zilijua, polisi walijua, wahandisi walijua. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kwa mujibu wa kazi yake alipaswa kuuliza: lori likikosa breki hapa, litaishia wapi?

Kwa Makutupora swali hilo lina uzito wa ziada. Visima vya Mzakwe vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya Dodoma tangu zama za ukoloni. Lori la mafuta au la kemikali likipinduka jirani na hifadhi ya maji, mwathirika si mkazi wa kando ya barabara peke yake. Mtumishi aliyeko ofisini Mtumba, ambaye huenda hajawahi kufika Mzakwe, anakunywa maji ya huko.

Sheria na hesabu

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, iko wazi. Ndani ya maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya hapo gari la biashara lenye uzito unaozidi kilo 3,500 lisizidi 80. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake.

Tafakari jinsi sheria hizi mbili zinavyosimamiwa. Kwa ajili ya uzito tuna mizani ya kudumu, watumishi wa zamu usiku na mchana, kompyuta, risiti na faini kali. Lori haliwezi kusafiri nchini bila kupimwa. Tumefanya hivyo kwa sababu ekseli iliyozidi uzito huharibu lami, na lami ni ghali. Kwa ajili ya mwendo tuna kibao na askari anayezidiwa na kazi. Hivyo tumeonyesha kwa vitendo kwamba tunaweza kulidhibiti lori tunapoamua kuwa kitu fulani kina thamani.

Mfano wa pili uko Mikumi. Barabara kuu inakata hifadhi hiyo kwa takribani kilomita 50. Ndani yake mwendo umepunguzwa, yamewekwa matuta, na atakayemgonga mnyama hukabiliwa na faini iliyopangwa kwa kila mnyama. Hakuna mwenye lori aliyefilisika kwa sababu ya matuta ya Mikumi. Ninafurahi kwamba twiga analindwa. Ninachoomba ni mwanafunzi wa darasa la pili apewe angalau kiasi hicho.

Wapo watakaosema kwamba kupunguza mwendo katika barabara kuu ni kuukwamisha uchumi. Tufanye hesabu. Kilomita 6 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika nne na nusu. Kwa mwendo wa 50 huchukua dakika saba na sekunde chache. Tofauti haifiki dakika tatu, kwa lori ambalo litasimama kwenye mizani, kwenye mageti na mpakani kwa saa nyingi. Upande wa pili wa mizania ni huu: nguvu ya kugonga huongezeka kwa mraba wa mwendo. Lori lenye mwendo wa 80 lina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lilelile likiwa na mwendo wa 50, na mara saba ya likiwa na 30. Dereva anayehitaji sekunde moja tu kutambua hatari huwa ameshasogea mita 22 kabla mguu haujagusa breki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba ajali ndiyo sababu ya kwanza ya vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usizidi 30 pale watembea kwa miguu wanapochanganyika na magari.

Hayo si mambo ya nchi tajiri pekee. Uholanzi, tunayoisifia leo kwa baiskeli zake, mwaka 1971 ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliandamana, wakafunga mitaa, na serikali ikabadili namna ya kujenga barabara. Na karibu zaidi, Dar es Salaam, mradi wa shirika la Amend uliweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi kuzunguka shule za msingi. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross, ukiishinda miradi ya miji mikubwa ya dunia. Kilichotuzwa kilikuwa zege, rangi na akili.

Nani awajibike

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nataka kulitaja tatizo kwa jina lake. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa zinazoingia humo ni za TARURA. Viwanja kandokando ni vya Jiji. Mwendo ni wa polisi. Leseni za usafirishaji ni za LATRA. Kila chombo kina sheria yake na bajeti yake. Mtoto anayevuka kutoka mtaani, kupitia hifadhi ya barabara, hadi shuleni upande wa pili, hupita katika mamlaka za vyombo vyote hivyo kwa dakika moja, na hakuna hata kimoja kinachomhesabu kuwa ni wake. Baraza la Taifa la Usalama Barabarani liliundwa na sheria ili kuziba pengo kama hilo, lakini kwa wananchi wengi linaonekana katika wiki ya maadhimisho.

Yanayowezekana yanafahamika. Kabla mkondo mzima wa magari haujaelekezwa Veyula, yawekwe makazi yote ya ukanda huo katika orodha moja, na kila penye shule, zahanati, soko au kituo cha daladala pawe na kikomo cha 30 kinachosimamiwa na barabara yenyewe: rasta za kumwamsha dereva, kisha tuta, kisha kivuko kilichoinuliwa. Zile mita 60 za hifadhi zilizochukuliwa kutoka kwa wananchi zianze kuwatumikia, kwa njia ya miguu na baiskeli iliyotenganishwa na magari. Maegesho ya malori yapangwe mbali na nyumba na mbali na visima. Mikataba ya ujenzi wa serikali imtake mkandarasi kueleza tipa zake zitapita wapi, saa ngapi, na madereva watalipwaje. Takwimu za ajali zitolewe kwa kata, mwenyekiti wa mtaa aweze kusimama mbele ya mhandisi akiwa na namba mkononi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, kazi ipo isiyohitaji kibali cha mfadhili. Simameni penye njia panda saa za shule, mhesabu magari mazito, mhesabu wanaovuka, mpeleke hesabu hiyo kwenye kikao cha maendeleo ya kata. Serikali yetu huheshimu karatasi yenye namba kuliko inavyoheshimu hasira, na diwani aliyepewa namba hawezi kusema hakujua.

Barabara ya mzunguko bado iko mikononi mwa wajenzi, na tuta linalowekwa wakati mkandarasi yuko kazini ni mstari mmoja katika mchoro. Baada ya makabidhiano litakuwa ombi, kisha barua ya kukumbushia, kisha ahadi ya mwaka wa fedha ujao. Watemi wa Ugogo walikaa na kiongozi wa msafara kabla haujafika kisimani, maana walijua kwamba ukishakunywa na kuondoka hakuna wa kudaiwa. Wakazi wa Makutupora na Veyula wanastahili kikao hicho sasa.